Roland JC-120 mjini Kisumu: chaneli mbili kwa magitaa mawili

Kwa bendi inayopiga benga na rumba za kanda ya ziwa, Roland JC-120 inafaa kuliko amplifaya nyingi zenye sifa kubwa zaidi, na sababu kuu si ile korasi yake maarufu, athari inayoifanya sauti ya gitaa moja isikike pana, bali ni jinsi chaneli zake mbili zilivyopangwa. Katika amplifaya nyingi za roki, chaneli mbili hukusudiwa mpigaji mmoja: ya kwanza humpa sauti safi, ya pili humpa sauti yenye mkwaruzo, naye huhama kutoka moja hadi nyingine kwa kukanyaga swichi. JC-120 haina mpango huo. Kila chaneli ina matundu yake ya kuchomekea waya, nobu zake na swichi yake ya kung'arisha sauti, na zote mbili hulia kwa wakati mmoja bila moja kuizima nyingine. Wapigaji wawili wanaweza kuchomeka magitaa yao, kila mmoja akajitengenezea sauti anayoitaka, wakamaliza harusi nzima kwa sanduku moja. Nimeinunua hivi majuzi, ikiwa imetumika, na haya ni maoni ya mwanzo baada ya kuipiga nyumbani, katika mazoezi ya bendi mtaani Migosi na katika sherehe moja ya wazi upande wa Ahero.

Kampuni ya Roland ilianzishwa mjini Osaka, Japani, mwaka 1972 na Ikutaro Kakehashi. Mwaka 1975 ikatoa JC-120, ambayo inauzwa hadi leo ikiwa na umbo karibu lile lile: sanduku pana lililovalishwa ngozi nyeusi ya bandia, paneli ya mbele yenye rangi ya fedha, spika mbili za inchi 12 na magurudumu manne chini. Ndani mna saketi mbili za kukuza sauti, kila moja ya wati 60 na kila moja ikiwa na spika yake, na hapo ndipo wati 120 zinapotoka. Hakuna valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, hata moja. Kazi yote hufanywa na transista. Wapenzi wa valvu watanung'unika, na wana haki yao, kwa kuwa valvu ikisukumwa hadi karibu na mwisho wa nguvu zake hutoa utamu ambao transista haiupati. Lakini valvu huchoka na hubadilishwa, na anayeishi Kisumu akihitaji jozi mpya ya valvu aina ya 6L6 siku ya Jumamosi asubuhi, kabla ya shughuli ya jioni, atakuwa na siku ndefu sana. Mimi nilitaka chombo ambacho nikikiwasha kitalia, na kitalia vile vile kilivyolia wiki iliyopita.

Yangu ilifika nchini pamoja na vyombo vingine vilivyotumika kutoka Japani, na ilinigharimu chini kidogo ya shilingi elfu 80, gharama ya transfoma ikiwemo. Ngozi imechubuka pembeni na kitambaa cha mbele kimepauka, lakini spika zote mbili ni nzima na chasi haina kutu. Nobu mbili zilikwaruza zilipozungushwa, jambo la kawaida kwa chombo kilichokaa stoo. Zilipopulizwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme zikatulia. Anayekwenda kukagua amplifaya ya namna hii asiridhike na kuisikia ikilia tu. Azungushe kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho huku gitaa likiwa limechomekwa, ajaribu matundu yote manne, kisha aweke sikio karibu na kila spika peke yake, maana katika sanduku lenye spika mbili moja inaweza kuwa imekufa na nyingine ikaifichia aibu.

Suala la umeme linahitaji maelezo marefu kuliko sauti yenyewe, kwa sababu hapo ndipo amplifaya nyingi za Japani zinapofia. Nyumba za Japani hutumia volti 100, ilhali soketi zetu hutoa volti 240. Ukikata plagi yake ya pini mbili bapa, ukafunga plagi yetu ya pini tatu na kuichomeka ukutani moja kwa moja, fyuzi itaruka ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo transfoma ya ndani itaungua. Kwa hiyo lazima pawe na transfoma ya kushusha umeme kati ya soketi na amplifaya. Zile zinazopatikana kwa urahisi madukani zimetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya Marekani, nazo hushusha hadi volti 110, na wauzaji husema kwamba tofauti ya volti kumi si kitu. Kwenye karatasi huenda si kitu. Tatizo ni kwamba umeme wetu haukai kwenye 240: usiku wa manane, mzigo unapopungua mtaani, unaweza kupanda hadi 255, na hapo transfoma ya 110 itakuwa inatoa karibu volti 117 kwa chombo kilichoandikiwa 100. Ile iliyofungwa kwa ajili ya volti 100, katika hali hiyo hiyo, itatoa karibu 106, kiasi ambacho chombo hukivumilia bila kupata joto la ajabu.

Fundi mmoja wa jua kali karibu na soko la Kibuye alinifungia transfoma ya volti 100 yenye uwezo wa wati 500, ambao ni zaidi ya mahitaji, lakini transfoma isiyolemewa haipati moto wala haivumi. Nilimwomba pia aondoe waya ule wa Japani wenye nyuzi mbili na kuweka wenye nyuzi tatu, wa tatu ukiwa wa ardhi na ukafungwa kwenye chasi. Wapigaji wengi hulipuuza jambo hili hadi siku watakaposhika nyuzi za gitaa huku midomo ikigusa maikrofoni. Kuna jambo moja ambalo halikuhitaji kurekebishwa: idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, yaani hezi. Mashariki ya Japani, ikiwemo Tokyo, hutumia hezi 50 kama sisi, na magharibi, ikiwemo Osaka, hutumia hezi 60, kwa hiyo vyombo vya kwao vingi hutengenezwa tangu mwanzo vikiwa vinakubali zote mbili.

Chaneli ya kwanza ndiyo tupu kuliko ya pili, na ndiyo niliyoipenda haraka zaidi. Ina nobu za kiasi cha sauti, treble (sauti za juu), kati na besi, pamoja na ile swichi ya kung'arisha, basi. Haina mwangwi wala korasi. Gitaa linaingia na gitaa linatoka, likiwa kubwa zaidi. Usafi wa namna hii hauna huruma. Kidole kikikosa uzi husikika, na uzi usiobanwa vizuri kwenye freti husikika zaidi, lakini kwa benga usafi huo ni mtaji. Gitaa la solo la benga limerithi kazi ya nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo, na mapigo yake ni ya haraka, ya juu na yenye kukatika: kila noti inapaswa kuanza na kuisha mahali pake ili noti inayofuata isiikanyage. Amplifaya inayobana sauti na kuivuta, kama zifanyavyo nyingi za valvu zinapokaribia kuelemewa, huyeyusha mipaka hiyo. JC-120 haiyeyushi kitu. Mtu aliyelelewa na sahani za santuri za Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, au za Collela Mazee na Victoria Jazz, atatambua mara moja ule ukavu wa gitaa linalosema kila silabi.

Ukavu huo unataka kudhibitiwa. Swichi ya kung'arisha nimeizima katika chaneli zote mbili na sidhani nitaiwasha nikiwa na gitaa langu lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, kwa sababu juu ya freti ya kumi na mbili sauti inakuwa kali hadi inachoma masikio. Treble nimeiweka kwenye 4, kati kwenye 7, na besi kwenye 3, kwa kuwa gitaa la besi katika benga halikai nyuma likisindikiza. Linatembea, linaruka, linajibizana na solo, na gitaa lingine likijaza eneo lake la chini muziki wote unakuwa matope. Gitaa lenye pikapu nene za koili mbili huenda likahitaji treble zaidi ya hapo.

Jirani yangu, ambaye hupiga omutibo kwa gitaa la mbao lililowekewa pikapu, alilichomeka kwenye tundu la pili la chaneli ya kwanza, lile lenye usikivu mdogo ambalo limewekwa kwa ajili ya vyombo vinavyotoa mawimbi yenye nguvu. Omutibo, mtindo uliojulikana sana kupitia George Mukabi katika miaka ya 1950, huhitaji kidole gumba kipige besi wakati kidole kingine kinaimbisha nyuzi za juu, na mwenzake mpigaji akikwaruza chupa ya Fanta pembeni. Nilitarajia sauti ya plastiki, kwani amplifaya za gitaa la umeme huwa haziyatendei haki magitaa ya mbao. Badala yake gumba lilisikika likiwa duara na nyuzi za juu zikang'aa bila kelele. Kwa kazi hiyo pekee JC-120 inaweza kujilipia katika bendi ndogo ya Kakamega au Vihiga.

Chaneli ya pili ndiyo yenye jina. Inayo yote yaliyo katika ya kwanza, kisha inaongeza mwangwi, mkwaruzo, na swichi ya kuchagua kati ya vibrato, yaani mtikisiko wa tuni, na korasi. Korasi hii hufanya kazi kwa njia ambayo bado inanishangaza kwa urahisi wake. Spika moja hupokea sauti ya gitaa kama ilivyo. Spika ya pili hupokea sauti ile ile ikiwa imecheleweshwa kwa muda mfupi sana, na ucheleweshaji huo hupanda na kushuka bila kukoma, hivyo tuni nayo hupanda na kushuka kidogo. Sauti hizo mbili hazichanganywi ndani ya saketi. Hukutana hewani, mbele ya spika, na sikio ndilo linalozifanya kuwa kitu kimoja kipana. Ucheleweshaji wenyewe hufanywa na mnyororo wa kapasita nyingi zinazopokezana chaji kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji hadi penye moto. Saketi hiyo ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1976 Roland waliitoa ikiwa ndani ya pedali, kisanduku cha athari kinachokanyagwa, iitwayo Boss CE-1 (Boss ni chapa yao), na karibu kila pedali ya korasi iliyofuata ina deni kwake.

Katika swichi ya korasi, kasi na kina vimewekwa na watengenezaji na huwezi kuvibadilisha. Nobu za kasi na kina hufanya kazi kwenye vibrato peke yake. Wapo watakaoona hilo ni upungufu. Mimi naona walichagua vizuri. Kwa rumba ya taratibu, na kwa nyimbo za kanisani ambapo gitaa linapiga kodi ndefu, yaani noti kadhaa kwa pamoja, chini ya waimbaji, korasi hii ni pana, tulivu na haichoshi. Kwa benga ya kasi sipendi kuitumia sana, kwa sababu noti zinapofuatana upesi ule mtikisiko wa tuni unafanya gitaa lionekane kana kwamba halijalinganishwa vizuri na lile la rithimu. Vibrato niliisikiliza nikaizima. Mwangwi ni wa springi za kweli zilizomo ndani ya sanduku, na ni mzuri hadi nobu inapofika 3. Kuanzia hapo unapiga gitaa ndani ya tangi la maji.

Jambo moja la kiufundi litawagusa mafundi mitambo wa sherehe. Kwa kuwa korasi huzaliwa kati ya spika mbili, maikrofoni moja iliyowekwa mbele ya spika moja haiwezi kuinasa. Ikiwekwa mbele ya spika kavu hadhira itasikia gitaa la kawaida. Ikiwekwa mbele ya ile nyingine itasikia tuni inayoyumba kama mtu aliyelewa. Ama ziwekwe maikrofoni mbili, ama zitumike njia mbili za kutolea sauti zilizo nyuma ya amplifaya, kushoto na kulia, ziende kwenye mikseta na zisambazwe pande mbili za jukwaa. Huko Ahero tulitumia njia hizo za nyuma na fundi mitambo hakulazimika kuongeza chochote isipokuwa kupunguza treble kidogo.

Sasa nirudi kwa yale magitaa mawili, maana hapo ndipo bendi yetu ilipookoa fedha. Tulimweka mzee wetu wa rithimu kwenye chaneli ya kwanza na solo kwenye ya pili. Nilidhani sauti zitagongana, kwa kuwa mwishowe zote hutoka kwenye spika zile zile. Katika amplifaya ndogo yenye nguvu kidogo zingegongana kweli: gitaa moja likipigwa kwa nguvu, lile jingine hubanwa na kuchafuka pamoja nalo. Lakini nguvu ya JC-120 ni kubwa kuliko tunavyohitaji, na kwa kuwa haifiki mahali pa kuelemewa, kila gitaa linabaki na nafasi yake. Tulitenganisha zaidi kwa nobu. Rithimu ikapunguziwa masafa ya kati hadi 4 na kuongezewa treble kidogo, ikawa mkwaruzo mwepesi wa mkono unaoweka mwendo. Solo ikabaki na kati yake nyingi, ikapewa mwangwi kidogo tu, jambo ambalo lilisaidia kwa njia ambayo hatukuipanga: gitaa kavu lilisikika liko karibu na lile lenye mwangwi likasikika limesimama hatua moja nyuma na juu yake. Ilipofika sehemu ile ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa kushika uwanja, mzee alinigeukia akasema, "Kijana, leo nasikia vidole vyangu mwenyewe." Kwa miaka mingi amekuwa akipiga kupitia mikseta ya waimbaji, akijisikia kupitia spika ya chini ambayo wote huipigania.

Upande mwingine wa mpango huu ni kwamba rithimu haina namna ya kupata mwangwi au korasi bila kubadilishana tundu na solo, na athari za chaneli ya pili haziwezi kuazimwa na ya kwanza. Pia wapigaji wawili wasioelewana wataanza vita vya nobu za sauti, na amplifaya hii haina nobu kuu ya kuwatuliza wote wawili kwa pamoja. Gitaa la besi lisichomekwe hapa hata kama kuna tundu lililo wazi; spika hizi na sanduku lililo wazi nyuma havikutengenezwa kwa noti za chini za namna hiyo.

Mkwaruzo wa chaneli ya pili ni mbaya, na hilo linajulikana kote duniani miongoni mwa wanaoipenda amplifaya hii. Ni sauti nyembamba, kavu, kama nyuki ndani ya kopo. Anayetaka ngurumo ya roki atie pedali mbele yake. Amplifaya hupokea pedali vizuri sana kwa sababu haiongezi tabia yake juu ya tabia ya pedali. Korasi ikiwashwa husikika pia mvumo mwembamba wa hewa ambao ndani ya chumba kimya cha mazoezi unasumbua kidogo na kwenye sherehe hausikiki kabisa.

Nyumbani ina tatizo la wingi wa nguvu. Kati ya sufuri na 2 nobu ya sauti hupita kutoka kimya hadi kugonga mlango wa jirani, na kupata kiasi cha katikati kunahitaji vidole vya subira. Mwenye kupiga chumbani peke yake hana sababu ya kununua chombo cha wati 120. Roland hutengeneza pia JC-22, ndogo ya wati 30 yenye korasi ya namna ile ile, na hiyo inatosha kwa ghorofa.

Halafu kuna uzito. Ni kilo 28, pana kuliko kifua cha mtu, na mishikio yake haikufikiria ngazi. Magurudumu yanasaidia kwenye sakafu ya saruji na hayana faida yoyote kwenye murramu. Ndani ya tuktuk inaingia ikiwa imelazwa upande kwenye kiti cha abiria, ikabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba, ila dereva aombwe apite polepole kwenye matuta, kwa kuwa springi za mwangwi hupigana kila sanduku linaporuka. Bodaboda haiwezekani, ingawa wapo watakaokuahidi. Transfoma nayo ni kilo kadhaa na husafiri kivyake. Tumeitengenezea kisanduku cha mbao chenye matundu ya hewa, na kwa jenereta za sherehe tunaweka kwanza kidhibiti cha volti, kisha transfoma, kisha amplifaya, kwa mpangilio huo.

Ningelinganisha na Fender Twin Reverb, amplifaya nyingine ya spika mbili za inchi 12 na chaneli mbili zenye matundu yake, wati 85 za valvu. Nimewahi kuipiga, na kwenye noti moja ndefu inaishinda JC-120 bila ubishi. Bei yake ni ya juu zaidi, uzito wake haupungui, na valvu zake ni gharama isiyokwisha. Kwa bendi yenye wapigaji wawili wa gitaa, gari la kukodi na ratiba ya kila wikendi kati ya Kisumu, Siaya na Homa Bay, fedha ya ziada naona ni afadhali iende kwenye nyuzi mpya, waya nzuri na kifuniko cha turubai, kwa kuwa vumbi la barabara za huko ndilo litakalozirudisha zile nobu kwenye kukwaruza kabla ya kitu kingine chochote kuharibika.